POVU LA LEO: Nani Kawadanganya Marathoni ya The Lord of the Rings Inaanza na The Hobbit?

Najua mmezoea siku kama ya leo nawaletea nani kaachana na nani, nani kakodi gari akasema kanunua. Leo hayo yasubiri. Leo nina povu, na povu lenyewe ni la muvi. Msinicheke. Kuna shoga yangu kapoteza Jumapili yake nzima kwa sababu ya mtu mmoja anayependa kuonekana mjuaji, na mimi nimekaa nalo rohoni wiki nzima.

Tahadhari kabla hatujaenda mbali: humu ndani natoboa siri za muvi. Kama hujawahi kuziona kabisa, shuka moja kwa moja mpaka kwenye ratiba kule chini, kaangalie, halafu ndiyo urudi kusoma. Nitakuwa mnafiki nikikuharibia na mimi.

Haya, twende taratibu.

Kuna kaka mmoja hapa mjini, jina nalihifadhi, ana wafuasi wa kutosha na kila kitu anakijua yeye. Mpira anajua, siasa anajua, ndoa za watu anazijua kuliko wenye ndoa. Majuzi kaibukia kwenye muvi. Akaposti kwa madaha kwamba wanaoanza na The Fellowship of the Ring ni washamba. Eti mtu anayejielewa anafuata mtiririko wa matukio: kwanza The Hobbit zote 3, ndiyo aje kwenye The Lord of the Rings zote 3. Akaweka na orodha, na namba pembeni. Dada mmoja mtangazaji, naye simtaji, akaisambaza. Watu wakaipokea kama matokeo ya mtihani.

Kwenye kundi letu ikafika. Sisi tulikuwa 7, tulishapanga marathoni kwa mmoja wetu Tabata. Tukachanga elfu 10 kila mtu: kukodi projekta, umeme, kuku, soda na bisi. Mimi nikasema jamani, tuanze na ile ya 2001. Mwenyeji akanionesha simu: "Wewe unamzidi huyu?" Nikanyamaza. Ndiyo kosa langu, nakiri.

Sasa huyo shoga yangu ndiye hakuwahi kuona hata moja. Yeye yuko dukani Kariakoo, Jumatatu mpaka Jumamosi, anatoka kwao alfajiri anarudi usiku. Siku yake ya kupumua ni Jumapili tu. Akaitoa hiyo Jumapili kwa sababu miaka yote ananisikia nikiongelea hizi muvi mpaka macho yanang'aa. Alitaka kuona ninachokiona.

Tukaanza saa 3 asubuhi. Hobbit ya kwanza, sawa, watu wanacheka. Ya pili, simu zinaanza kutoka mifukoni. Ya tatu, vita havina mwisho, watu wanne wameshaaga, shoga yangu kalala na bisi mkononi. Tunamaliza ni saa 12 jioni, na kesho yake kila mtu kazini. The Lord of the Rings yenyewe HATUKUIGUSA. Yaani tumealikwa harusini, tukaishia kwenye kupamba ukumbi.

Wiki iliyofuata akajitahidi kuangalia Fellowship peke yake kwenye simu. Akanipigia. Unajua aliniuliza nini? "Hivi huyu mzee Gandalf ni mzembe au? Si alijua kuna pete tangu zile muvi za juzi?" Halafu akasema zile siyo muvi zake, asante, ataendelea na tamthilia zake za Kituruki.

Imeisha hiyo. Huwezi kumrudishia mtu mara ya kwanza.

KWA NINI LINANIUMA HIVI

Mjomba wangu alikuwa na banda la video Mbagala. Nyie mliokulia uswahilini mnajua, vile vibanda umiza: mabenchi, pazia zito, feni moja, na muvi zenye sauti ya mtafsiri juu yake. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi na kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni na kopo, nakusanya sarafu. Sasa mlinda mlango muvi inapoanza ndiyo ana kazi zaidi, watu wanaingia, wengine wanataka kupita bure. Ikifika katikati banda limejaa, hakuna anayekuja tena, ndipo napenyeza kichwa kwenye pazia.

Kwa hiyo utoto wangu wote niliona MIISHO ya muvi.

The Return of the King niliiona hivyo hivyo. Nilimwona Frodo mlimani ndani ya moto, nikamwona yule kiumbe mwenye macho makubwa anamng'ata kidole, anarukaruka na pete yake kwa furaha, halafu anatumbukia. Banda zima likapiga kelele. Mimi nikauliza, yule nani? Hakuna aliyenijibu. Nilikuja kuziona zote kwa mpangilio nikiwa nimeshamaliza kidato cha nne, kwa laptopu ya kuazima, na kila Gollum alipotokea mimi najua tu anakufaje. Mara yangu ya kwanza iliibiwa na pazia. Sikuwa na jinsi, nilikuwa mtoto. Ila mtu mzima mwenye simu ya milioni na zaidi akawaibia watu kwa makusudi ili aonekane msomi wa muvi? Hapo sikubali.

MATUKIO SIYO HADITHI

Hoja yao ni moja tu: matukio ya The Hobbit yanatangulia, kama miaka 60 kabla ya Frodo kuanza safari, kwa hiyo uanze nayo. Inaonekana ina akili. Haina.

Kwanza, bibi yako alipokuwa anakuhadithia, alianza na babu yake sungura alivyozaliwa? Alikuanzia pale panapokufanya usogee karibu, mengine akayaleta yalipohitajika. Mtunzi anapanga lini ujue kitu gani. Ukiuvuruga huo mpango, una matukio yote na hadithi huna.

Pili, kama ni kalenda tu, basi fuateni kalenda mpaka mwisho. Tamthilia ya The Rings of Power iliyotoka 2022, matukio yake ni maelfu ya miaka kabla ya Bilbo. Muvi ya katuni The War of the Rohirrim ya 2024, nayo matukio yake yanatangulia. Mbona kwenye orodha ya kaka yetu hazimo? Na kali kuliko zote: dakika za mwanzo kabisa za Fellowship, pale Galadriel anapohadithia pete zilivyogawiwa, 3 kwa Elf, 7 kwa vibete, 9 kwa wanadamu, yale ni matukio ya kale kuliko The Hobbit nzima. Kwa hiyo hata kwa kalenda yenu wenyewe, anayetangulia ni Fellowship. Jibuni hilo.

Ule utangulizi uliwekwa kwa ajili ya mtu asiyejua kitu. Ni mlango. Unamchukua mgeni unamwambia: pete ni hii, aliyeitengeneza ni Sauron, ubaya wake ni huu, sasa kaa. The Hobbit haina mlango wa namna hiyo. Inaanza na Bilbo mzee anaandika kitabu, Frodo anaingia, wanaongelea sherehe ya kuzaliwa. Sherehe gani? Ile ya kwenye Fellowship! Ilitoka 2012, miaka 11 baada ya Fellowship, na inakuchukulia wewe kama mtu wa nyumbani unayemfahamu kila aliyekaa sebuleni. Mgeni anabaki anatoa macho.

TUJE KWA GOLLUM SASA

Hapa ndipo roho inapouma. Kwenye Fellowship, Peter Jackson amemficha Gollum makusudi. Unaona mkono. Unasikia sauti. Ndani ya mapango ya Moria unaona macho mawili gizani, basi. Unabaki mwaka mzima (watu wa 2001 walisubiri mwaka kweli!) mpaka The Two Towers ndipo anashuka kwenye mwamba na unamwona mzima mzima, Andy Serkis kamcheza mpaka nywele zinasimama. Unamchukia, halafu unamwonea huruma, halafu unamchukia tena.

Ukianza na The Hobbit, Gollum unaye muvi ya kwanza kabisa, mbele ya taa, anategeana vitendawili na Bilbo. Lile fumbo lote limeteguliwa kabla hujategwa. Nani anatega kitendawili kwa kuanza na jibu?

Sasa geuza. Chukua mtu ambaye ameshaona The Lord of the Rings, mpeleke kwenye tukio hilo hilo la The Hobbit. Bilbo haonekani, kavaa pete, upanga uko shingoni kwa Gollum, na Gollum analia. Bilbo anasita. Anamwacha. Aliyeanza na The Hobbit anaona mtu mwenye moyo mzuri, basi. Aliyemaliza The Lord of the Rings anajua kwamba siku ile upanga ungeshuka, miaka mingi baadaye kule mlimani Frodo angeshindwa, maana Frodo mwenyewe aligoma kuitupa pete, na dunia yote ingeisha. Huruma ya sekunde chache ndani ya pango ndiyo iliyowaokoa wote. Mimi hapo huwa nalia, na siyo siri. Tukio hilo hilo, picha zile zile. Tofauti ni umeingia unajua nini.

Na Gandalf? Kwenye The Hobbit ya pili anagundua kwa macho yake kwamba Sauron amerudi. Mwishoni mwa ya tatu anamwambia Bilbo kabisa kwamba anajua ana pete. Ukitoka hapo ukaingia Fellowship, ukamkuta anahangaika kwenye makaratasi ya zamani kutafuta ile pete ni pete gani, lazima umwone mzembe. Shoga yangu hakukosea kuuliza. Aliyekosea ni aliyempanga.

"LAKINI KITABU..."

Wajuaji najua mnakuja na kitabu. The Hobbit kama kitabu kilitoka 1937, The Lord of the Rings ikatoka 1954 na 1955. Sawa kabisa. Anayesoma vitabu aanze na The Hobbit, mimi nitamshikia taa. Maana kitabu kilipotoka kilikuwa cha watoto na ile pete ilikuwa pete tu ya kukufanya usionekane. Tolkien alipoanza kuandika makubwa, ilimbidi arudi kukirekebisha. Toleo la 1951 sehemu ya Gollum imebadilishwa, kwa sababu kwenye lile la kwanza Gollum alikuwa radhi kabisa kuitoa pete kama zawadi! Yaani hata mzee mwenyewe alijua kila kitu kina wakati wake wa kujulikana.

Ila muvi zilitengenezwa KINYUME. Zile 3 za kwanza zilipigwa picha kwa pamoja New Zealand, zikatoka 2001, 2002 na 2003, na ile ya mwisho ikabeba Oscar 11 kati ya 11 ilizotajwa. The Hobbit zikaja 2012, 2013 na 2014, kitabu kimoja chembamba kimevutwa kuwa muvi 3. Nazipenda, msinielewe vibaya. Yule joka Smaug ni moto. Lakini unamwanzishia mgeni na uji uliotiwa maji, wakati sufuria la pilau liko pembeni?

Nyingine ninayoisikia: eti The Hobbit ni mpya, picha zake kali zaidi. Kaangalie ile vita ya usiku, mvua inanyesha, pale Helm's Deep kwenye The Two Towers. Halafu uje tuongee.

NAWAPA HAKI YAO KIDOGO

Nisiwe kama yule kaka. Kuna raha moja ya kweli kwenye mpangilio wa matukio: Balin. Kwenye The Hobbit unatembea na huyu mzee kibete muvi 3, unampenda. Ukija Fellowship, Gimli anapoanguka kwenye lile kaburi kule Moria, jina ni la Balin. Inachoma. Na Saruman ukimwona akiwa bado mtu wa heshima kwenye baraza la Rivendell, usaliti wake unauma zaidi. Sikatai.

Ila hizo ni raha za mara ya PILI. Mtu anayerudia, ambaye kila kitu anakijua, apange atakavyo. Aanze na mwisho akitaka. Ninachopigania mimi ni yule mmoja ambaye hajui, aliyekaa kwenye kona ya kochi na Jumapili yake moja. Orodha yoyote ya marathoni ipangwe kwa ajili yake. Sisi wengine tumeshakula.

RATIBA YA DADA YENU

Mimi sijasomea filamu popote, nimeishia form four, ila hesabu za dakika najua. Zile zilizooneshwa sinema, siyo ndefu: Fellowship dakika 178, Two Towers 179, Return of the King 201. Jumla saa 9 na dakika 18. The Hobbit ni 169, 161 na 144, jumla saa 7 na dakika 54. Zote 6 ni saa 17 na dakika 12. Usimfanyie binadamu hivyo kwa siku moja. Na zile ndefu zote zinapita saa 20, waachie wale ambao hawana kazi Jumatatu.

JUMAMOSI, au siku yoyote moja tu uliyonayo:
Saa 2:00 asubuhi, The Fellowship of the Ring. Inaisha saa 4:58.
Mapumziko. Chai ya pili, kama hobbit wenyewe. Mihogo na kachumbari inatosha.
Saa 5:30, The Two Towers. Inaisha saa 8:29 mchana.
Mapumziko marefu. Kuleni wali, tembeeni nje, anayetaka kusinzia asinzie SASA.
Saa 10:00, The Return of the King. Inaisha saa 1:21 usiku. Na jamani, ina miisho mingi, msizime mkidhani imekwisha.

Hapo hadithi imekamilika. Mwenye siku moja ameshiba na saa 2 usiku yuko kwenye daladala anarudi kwake. Hii ndiyo faida kubwa ambayo wajuaji hawaifikirii: ukiishiwa muda, bando, umeme au nguvu, umekatia kwenye vya ziada. Sisi tulikatia kwenye chakula chenyewe.

JUMAPILI, kwa waliobaki na hamu:
Saa 4:00 asubuhi, An Unexpected Journey, mpaka saa 6:49.
Saa 7:30, The Desolation of Smaug, mpaka saa 10:11.
Saa 11:00, The Battle of the Five Armies, mpaka saa 1:24 usiku.

Na sheria tatu. Moja, umeme ununuliwe kabla, siyo katikati ya vita. Mbili, anayejua hafungui mdomo, ukisema "subiri uone" mara moja unalipa soda, mara mbili unaenda kuosha vyombo. Tatu, mgeni ndiye anakaa katikati, mbele ya kioo. Siyo mlangoni.

Ugonjwa huu hauko hapa tu. Nimeshaona watu wanamwanzishia mtoto Fantastic Beasts ya 2016 kabla ya Harry Potter ya 2001, eti kwa sababu ni New York ya miaka ya 1920. Mtoto hajui hata shule yenyewe ni ipi, anaulizwa kama amelitambua jina la Dumbledore. Jibu langu ni lile lile. Angalia zilivyotoka.

Mwisho kabisa. The Hobbit ya tatu inaishaje? Bilbo mzee yuko ndani peke yake, anaitazama pete, mara anasikia mlango unagongwa. Ni Gandalf. Ni ile hodi ya mwanzo wa Fellowship. Ukiziangalia zilivyotoka, unaisikia hodi hiyo na unajua nani yuko nje, anakuja kuleta nini, na nani watakufa njiani. Umechoka, macho mekundu, na bado unatamani uanze upya.

Shoga yangu nimemwomba Jumapili nyingine. Kakataa mara mbili. Mara ya tatu kasema ataangalia. Nimeshaweka akiba ya umeme, na safari hii hatuombi orodha kwa mtu.

Wewe ulianza na ipi, na nani alikuanzishia? Mwaga povu lako hapo chini. Na kaka, najua unapitaga humu usiku usiku. Karibu ujibu, ila jibu kuhusu Gollum, siyo kuhusu elimu yangu.